Siklidi wa Arusha na Moshi: soma maji yako kabla ya kununua samaki

Siklidi ni ukoo wa sato na perege. Wale wadogo wa rangi wanaofugwa kwenye akwariamu, wengi wao asili yao ni Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na Ziwa Victoria. Mazoea ya wengi ni kuona samaki dukani, kuvutiwa na rangi, kununua, kisha kuulizia habari za maji wiki mbili baadaye samaki wakishaanza kufa. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Maji yanayotoka bombani kwako ndiyo yaamue ufuge siklidi gani, kwa sababu utayabadilisha kila wiki kwa miaka, na kazi ya kuyalazimisha yawe yasivyo humchosha mfugaji mapema.

Vipimo vya mwanzo

Nunua vipimo vya matone, si vya karatasi. Karatasi husomwa kwa kukisia, na huharibika upesi kopo likishafunguliwa. Kwa kuanzia unahitaji pH, KH na GH. Tangi likishaanza kazi utahitaji pia amonia, naitraiti na naitreti. pH huonyesha maji yana asidi au alkali kiasi gani. KH ni kiasi cha bikaboneti, yaani nguvu ya maji kuishikilia pH isiyumbe. GH ni kiasi cha kalsiamu na magnesiamu. Vipimo vingi vya KH na GH hutumia mililita 5 za maji, na kila tone ni digrii moja mpaka rangi igeuke.

Jaza ndoo, pima pH papo hapo, kisha tia hewa ya pampu kwa saa 24 na upime tena. Kipimo cha pili ndicho cha kuamini. Maji ya chemchemi na ya kisima hutoka ardhini yakiwa na hewa ya ukaa nyingi, nayo huishusha pH; ikishatoka, pH hupanda. Maji yaliyosoma 7.4 asubuhi yanaweza kusoma 8.2 kesho yake bila kuongezwa chochote. Anayeyamimina tangini yakiwa bado mabichi anawapandishia samaki wake pH usiku kucha bila kujua.

Arusha ina mtego wake. Maji mengi yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba sodiamu na bikaboneti kwa wingi, pamoja na floraidi ile inayotia meno rangi, lakini kalsiamu yake mara nyingi ni ndogo. Ukifua nayo, sabuni inatoa povu zuri, na watu husema maji ni laini. Povu la sabuni linakwambia habari ya GH peke yake. KH inaweza kuwa 10 au zaidi huku GH ikiwa 2 au 3. Kwa hiyo usikubali kuuziwa dawa ya kupandisha pH kwa sababu tu maji yako yanatoa povu.

Moshi hutegemea sana chemchemi za Kilimanjaro, ambazo kwa kawaida madini yake ni machache kuliko ya upande wa Meru. Hapo tatizo ni jingine: KH ndogo isiyoweza kuibeba pH kwa muda mrefu. Visima vya miji yote miwili hutofautiana hata baina ya mtaa na mtaa, kwa hiyo kipimo cha jirani hakikufai.

Vipimo vya kulinganisha ni hivi. Ziwa Tanganyika lina pH ya 8.6 hadi 9.2, KH ya 16 hadi 18 na GH ya 10 hadi 12. Ziwa Nyasa lina pH ya 7.7 hadi 8.6, KH ya 6 hadi 8 na GH ya 4 hadi 6. Ziwa Victoria ni jepesi zaidi: pH ya 7.2 hadi 8.6, na KH na GH ambazo aghalabu huwa kati ya 2 na 8. Joto la nyuzi 24 hadi 27 linawatosha wote. Samaki wa Nyasa na Victoria waliozaliwa kwenye matangi huvumilia tofauti ndogo. Wa Tanganyika hawapendi pH inayopanda na kushuka. Kwa ujumla, Arusha yenye KH kubwa inafaa Tanganyika na Nyasa, na Moshi inafaa Victoria bila kuongeza kitu ikiwa KH haiko chini ya 4, au Nyasa kwa kuongeza kidogo.

Kurekebisha maji

Hesabu hizi ni za lita 100. Gramu 3 za bekingi soda hupandisha KH kwa digrii moja. Gramu 4.4 za chumvi ya haluli, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa jina la Epsom, hupandisha GH kwa digrii moja. Tumia mizani ndogo ya jikoni. Kijiko cha chai hubeba takriban gramu 5 lakini kila mtu hukijaza kivyake. Mfano: maji ya Moshi yenye KH 3 na GH 3, tangi lina lita 200, na unataka kufuga mbuna, yaani siklidi wa miambani wa Nyasa, kwa KH 7 na GH 5. Utatia gramu 24 za bekingi soda na gramu 18 hivi za chumvi ya haluli. Ikiwa samaki wamo ndani, usipandishe KH kwa zaidi ya digrii 2 kwa siku. Baada ya hapo, kila unapobadilisha maji, tia dozi ya yale maji mapya tu, ukiyachanganya kwenye ndoo kwanza.

Kokoto za marumaru au za chokaa hutoa kalsiamu, lakini pH ikishafika karibu na 8 haziyeyuki tena kwa kiasi cha maana. Zinaizuia pH isianguke. Haziwezi kukufikisha kwenye maji ya Tanganyika. Mwenye KH ya juu na GH ndogo, kama ilivyo kwa wengi wa Arusha, aachane na bekingi soda na kokoto, aongeze chumvi ya haluli peke yake.

Magadi ya mawe, yale ya kupikia kiburu yanayouzwa sokoni, yasiguse tangi. Yana kaboneti ambayo huirusha pH hadi karibu na 10, na hubeba floraidi nyingi. Kuna samaki wa ukoo huu wanaoishi kwenye maji ya namna hiyo, perege wadogo wa Ziwa Natron, lakini wa akwariamu hawamo.

Siki na ndimu za kushushia pH nazo ziache. Maji yenye KH 10 yakitiwa asidi hushuka kwa saa chache, kisha hurudi yalikokuwa. Panda-shuka hiyo humdhuru samaki kuliko pH ya juu iliyotulia.

Klorini ya maji ya bomba huondoka maji yakiachwa wazi saa 24 hadi 48, na upesi zaidi yakipigwa hewa. Maji yaliyolala kwenye simtanki iliyofunikwa yanaweza kuwa nayo bado. Kwa haraka, yeyusha gramu 100 za sodiamu thaiosulfeti kwenye lita moja ya maji, utumie mililita 1 kwa kila lita 10. Floraidi haiondoki kwa kusimamisha maji, wala kwa dawa hiyo, wala kwa kuchemsha. Kuchemsha huizidisha kwa sababu maji hupungua nayo hubaki. Ndicho kinachotokea pia kwenye tangi lisilo na kifuniko: maji hupaa, madini yote yanabaki. Kwa hiyo maji yaliyopaa jazia kwa maji ya mvua, na maji ya bomba yawe ya kubadilishia tu.

Maji ya mvua ya paa la bati nayo yana sharti. Bati jipya huachia zinki, na zinki ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Acha mvua za kwanza za msimu zioshe paa, kisha kinga kwenye pipa la plastiki.

Kwa nini pH ya juu haina msamaha

Hapa ndipo siklidi wengi wanapofia, na watu husema ni ugonjwa. Mkojo wa samaki, choo chake na chakula kilichobaki hutoa amonia. Amonia hiyo iko kwa sura mbili majini: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu kali inayopenya kwenye matamvua. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH na joto. Kwenye nyuzi 25, sehemu ya sumu ni asilimia 0.6 hivi pH ikiwa 7, ikiwa 8 ni asilimia 5, ikiwa 8.5 ni asilimia 15. Ikiwa 9 ni zaidi ya theluthi moja.

Kipimo chako husoma zote kwa pamoja. Kikionyesha miligramu 0.5 kwa lita, mwenye tangi la pH 7 ana sumu ya 0.003, anaweza kulala. Mwenye pH 8.5 ana zaidi ya 0.07, na kikomo cha usalama ambacho wafugaji wengi hukishika ni 0.02. Rangi ileile ya kipimo, hatari mara ishirini na tano. Kwenye tangi la siklidi wa Tanganyika au Nyasa, amonia inayosomeka kabisa ni dharura: badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo na usimamishe chakula.

Kinga yake ni bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wakuze kabla samaki hawajaingia. Washa kichujio na hita, weka joto nyuzi 27, kisha tumbukiza dagaa wakavu wanne au watano wasio na chumvi ndani ya soksi nyembamba kwa tangi la lita 200. Amonia ikifika 2 hadi 3, umepata. Ikivuka 4, toa soksi. Naitraiti hutokea baadaye, kisha naitreti. Kazi huchukua wiki nne hadi sita. Kwenye maji ya baridi huchukua zaidi. Tangi limekomaa pale unapoona amonia ya 2 ikiisha ndani ya saa 24 na naitraiti nayo ikisoma sifuri. Badilisha nusu ya maji au zaidi ili kupunguza naitreti, ndipo ulete samaki. Ukipata sponji chafu kutoka kwenye tangi la mtu unayemwamini, ikamulie kwenye kichujio chako. Muda utapungua sana, ila magonjwa ya tangi hilo yatakuja pamoja nayo.

Naitraiti ikitokea samaki wakiwa ndani, gramu 20 za chumvi ya kawaida kwa lita 200 huizuia isiingie kwa wingi kwenye damu wakati ukiendelea kubadilisha maji.

Kwa watu wa Moshi kuna hesabu moja ya kuishika. Bakteria hao hula KH: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza huondoa miligramu 7.14 za nguvu hiyo, ikipimwa kama kalsiamu kaboneti. Digrii moja ya KH ni miligramu 17.9. Maana yake KH ya 3 huwa imekwisha wakati naitreti imeongezeka kwa miligramu 33 hivi kwa lita, jambo linalotokea haraka kwenye tangi lililojaa samaki. KH ikiisha, pH huanguka hadi 6 au chini, bakteria husinzia, amonia hujilimbikiza kwa ile sura isiyo na madhara. Samaki huonekana wamepoa tu. Kisha mwenye tangi anaona maji machafu, anabadilisha nusu kwa maji mapya yenye pH 8, na sehemu ya ile amonia inageuka sumu kwa dakika chache. Ukilikuta tangi lako katika hali hiyo, badilisha asilimia 10 tu kwa siku, usipandishe pH kwa pupa, na pima amonia kila mara. Kuliko kufika huko, pima KH kila wiki na usiiache ishuke chini ya 4.

Tangi lenyewe

Kwa mbuna, urefu wa tangi ni muhimu kuliko kimo chake. Sentimita 120 kwa 45 kwa 45 hubeba lita 243. Ukishaweka mawe na mchanga zitabaki kama 200. Mwambie fundi kioo atumie kioo cha milimita 10 na silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Silikoni ya bafuni yenye dawa hiyo huua samaki hata baada ya miezi. Iache ikauke siku saba, jaza maji, liangalie siku mbili, mwaga.

Mawe makubwa yakae juu ya kioo cha chini, ukiwa umetanguliza kipande cha sponji ngumu au plastiki nene, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Siklidi huchimba, jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka na kupasua kioo. Mawe ya mviringo ya mtoni ni mazuri. Yale mepesi mekundu na meusi ya volkano yenye matundu, yanayopatikana kwa wingi Arusha, yana kingo kali zinazochuna magamba, lakini ndani ya kichujio ni makazi bora ya bakteria: yavunje saizi ya punje ya hindi, yaoshe mpaka maji yatoke safi.

Kichujio kizungushe maji yote mara tano hadi nane kwa saa. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huku hubeba oksijeni kama asilimia 15 pungufu kuliko ya pwani kwa joto lilelile. Vitabu vilivyoandikiwa miji ya bandari haviiweki hesabuni. Pampu ya hewa kwa Arusha si pambo; weka jiwe la hewa hata kama kichujio ni kikubwa.

Hita ni lazima kuanzia Juni hadi Agosti, hasa Arusha. Weka wati 1 kwa lita, na ni heri hita mbili za wati 100 kuliko moja ya 200: moja ikikwama kwenye kuwaka, haitawapika samaki haraka. Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi, acha nafasi ya hewa juu, washa pampu ndogo ya betri. Usilishe. Kichujio cha nje kilichozimika kwa saa nne au zaidi kifungue na umwage maji yake kabla hujakiwasha. Bakteria waliokosa hewa hutoa uchafu wenye sumu, na kukiwasha hivyohivyo ni kuumimina wote tangini.

Nani akae na nani

Kosa kubwa madukani ni kuuza siklidi kwa rangi: mmoja wa njano, mmoja wa bluu, mmoja wa rangi ya chungwa, na samaki wa dhahabu juu yake. Samaki wa dhahabu hutaka maji ya baridi zaidi, na atanyofolewa mapezi. Malaika na oska ni siklidi wa Amerika Kusini. Wa kwanza hupenda maji yenye KH na GH ndogo, wa pili hufika sentimita 30 na kumeza wenzake. Kila ziwa likae na tangi lake. Hiyo ni sheria rahisi, na inaokoa samaki wengi.

Mbuna wa Nyasa hula mimea inayoota kwenye mawe. Wape chakula chenye spirulina (aina ya mwani), mchicha uliochemshwa kidogo, njegere zilizomenywa. Minyoo, nyama na dagaa kila siku huwaletea kuvimba tumbo na choo cheupe kirefu kama uzi, na wengi wakishafika hapo hawaponi. Kwa sababu hiyohiyo usiwachanganye na Aulonocara, siklidi wengine wa Nyasa ambao hula wadudu na ni wapole. Watanyanyaswa, na chakula kimoja hakitawafaa wote.

Kwa lita 200, chukua aina tatu za mbuna, kila moja dume mmoja na majike wanne, jumla kumi na watano. Idadi hiyo huonekana kubwa, lakini ukali wa mbuna hugawanyika wakiwa wengi. Wakiwa wanne au watano, mmoja huwamaliza wenzake mmoja mmoja. Labidochromis caeruleus wa njano ni wa kuanzia. Melanochromis auratus mwache, madume yake huua. Usiweke aina mbili zenye madume wa rangi moja, wala Labidochromis pamoja na Metriaclima estherae kama unataka vifaranga halisi, maana huzaliana. Wanunue wakiwa sentimita 4 au 5 na uwaingize wote siku moja. Ukilazimika kuongeza baadaye, panga mawe upya na uzime taa mpaka kesho yake.

Tanganyika inalipa zaidi kwa mtu mwenye subira. Kwenye tangi hilohilo, jozi moja ya Julidochromis kwenye mawe, Cyprichromis kumi wa katikati ya maji, na Altolamprologus wawili wa mwendo wa taratibu huishi bila kugombania nafasi. Neolamprologus brichardi waweke peke yao. Wakishazaa, ukoo mzima hulinda tangi na wengine hubanwa kwenye pembe. Tropheus nao wanataka tangi lao, kundi la kumi na wawili au zaidi, na chakula cha mimea. Mwenye nafasi ndogo afuge Neolamprologus multifasciatus kwenye lita 50: ni samaki wa sentimita 3 hadi 5 wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Magamba ya konokono wachanga wa bustani, yenye mdomo wa sentimita 2 hadi 3, yaliyochemshwa na kusuguliwa, yanawafaa. Weka mawili kwa kila samaki, na mchanga laini wa sentimita 5 wa kuchimba.

Wa Ziwa Victoria wanastahili wafugaji wengi zaidi kuliko walionao, kwa kuwa samaki wa ziwa hilo walipungua vibaya baada ya sangara kuletwa, na aina nyingi hazionekani tena. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, ni mwekundu na manjano mwenye milia. Dume mmoja, majike wanne au zaidi. Majike wa aina mbalimbali za Victoria wanafanana mno. Ukiweka aina mbili za jamaa wa karibu utapata machotara usiyoweza kuwatenganisha. Chagua aina moja tu kwa tangi.

Badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji kila wiki, joto la maji mapya lisitofautiane na la tangini kwa zaidi ya nyuzi 2. Naitreti iwe chini ya 20. Ikivuka 40, ama unalisha sana ama samaki wamezidi. Sponji ioshe kwenye maji ya tangi yaliyotolewa, kamwe si bombani. Lisha mara mbili kwa siku kiasi kinachoisha ndani ya dakika moja.

Siklidi huzaa sana, na vifaranga watazidi. Wagawie wafugaji wenzako au warudishe dukani. Wasimwagwe Themi, Karanga wala Kikuletwa. Mito hiyo ni ya bonde la Pangani, ambalo lina perege wake wasiopatikana kwingine duniani: Oreochromis jipe wa Ziwa Jipe na mto Pangani, na Oreochromis hunteri wa Ziwa Chala. Hao nao wasivuliwe kupelekwa kwenye tangi. Anayetaka kuchukua samaki wa porini wa ziwa lolote aanze na kibali cha ofisi ya uvuvi ya wilaya.